Mke Mwenza Aliyeanza Kunywa

Nyumba yetu ya Leicester ina wanawake wanne, ukihesabu vizuri: mimi, mavyaa wangu, binti yangu kitinda mimba, na Morris Minor ya mwaka 1965 inayolala bandani. Huyo wa nne ndiye wa pekee anayenunuliwa blanketi jipya baridi ikianza. Mume wangu alimleta nyumbani wakati deni la friji halijaisha, akanieleza kwamba marehemu babake aliendesha Moris ya rangi hiyohiyo kule Mombasa, akivuka nayo Makupa kila siku ya Mungu. Mwanamume akishamtaja marehemu babake, mazungumzo yamekwisha. Nikampisha mke mwenza aingie.

Kusema haki, hana makuu. Uingereza gari likishapita miaka 40 halidaiwi ushuru wa barabara, na tangu 2018 halilazimiki kupelekwa kukaguliwa kila mwaka. Hata Birmingham, ambako tangu Juni 2021 magari yenye moshi mchafu hutozwa pesa yakiingia katikati ya mji, huyu bibi hupita bure kwa heshima ya umri wake, huku dizeli ya shemeji yangu, iliyozaliwa juzi, ikilipa. Ni faida tupu, ila gari lisilokaguliwa halina mtu wa kulitazama uvunguni.

Basi Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ikabadilishwa. Hadi hapo ilikuwa na ethanoli isiyozidi asilimia 5. Sasa ikaruhusiwa kufika asilimia 10, ikaitwa E10. Mume wangu alitusomea habari hiyo mezani, tunakula samaki wa kupaka, kwa sauti ya msoma tanzia.

"Na hiyo ethanoli ndiyo nini?" akauliza mavyaa, ambaye humu ndani sote twamwita Bi Mkubwa.

"Ni pombe, Nyanya," akajibu kitinda mimba. Anasoma kemia shuleni na hajapata kupitwa na nafasi ya kuionyesha.

Bi Mkubwa akarudisha tonge sahanini. "Gari linalonipeleka msikitini lanyweshwa pombe?"

"Hata ile petroli ya kwanza ilikuwa nayo, Mama. Ila kidogo."

Nilimwangalia mume wangu. Kuna maneno ambayo mtu akiyasema kwa nia ya kutuliza huwa amemwagia moto petroli, na hapa petroli yenyewe ndiyo ilikuwa kesi. Masheikh wana kauli zao kuhusu spiriti ya viwandani na mimi siingii humo. Nitasema tu kwamba Ijumaa iliyofuata Bi Mkubwa alikwenda msikitini kwa basi, na kitinda mimba alipotaka kumweleza dizeli ya basi nayo huchanganywa na nini, nilimkanyaga mguu.

Akatafutwa mjomba wa mume wangu, mstaafu aliyeko Kisumu, atoe shauri. Alicheka hata picha kwenye simu ikawa inatikisika. "Huko Ulaya ndiyo kwanza mwaamka?" akasema. "Sisi miaka ya 1980 petroli yetu ilitiwa spiriti ya Muhoroni, ya molasi ya miwa. Tuliendesha Peugeot, tuliendesha Datsun. Zenye mipira mibovu zilikoma, zenye mipira mizuri zilifika." Kisha akauliza hali ya hewa ya kwetu, na kwake hiyo ni dalili kwamba amemaliza.

Mume wangu hakuipenda fatwa hiyo. Alikuwa ameshapata wa kumlaumu, nayo ni serikali. Serikali ilisema kwamba mchanganyiko huo ungepunguza tani 750,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, sawa na kuyaondoa magari 350,000 barabarani, na mimi sina ugomvi na hesabu hiyo. Ethanoli yatoka kwenye mimea, na wakati huo sehemu ya ile iliyotengenezwa Uingereza ilipikwa kwa ngano ya kulishia mifugo. Bi Mkubwa aliposikia neno ngano, shauri la haramu likawekwa kando, likafunguliwa shauri la bei ya unga wa chapati. Hapo tulikaa hadi alasiri.

Magari makuukuu yalikuwa yameachiwa mlango. Petroli ya supa, ile ya bei ya juu, ilibaki na ethanoli isiyozidi asilimia 5, na ushauri rasmi ulikuwa kwamba magari ya kale, na baadhi ya yaliyotengenezwa kabla ya 2002, yaendelee na hiyo. Mume wangu aliandika SUPA TU kwa kalamu nyekundu, akabandika kwenye dashibodi, akanawa mikono.

Mwezi haukuisha. Madereva wa malori walikuwa haba, ukatoka uvumi kwamba mafuta yanakwisha, na wiki ya mwisho ya Septemba nchi nzima ikakimbilia vituoni. Watu walijaza magari, wakajaza madumu, wengine wakapigana. Mwanzoni mwa Oktoba ilibidi wanajeshi waletwe kuendesha malori ya mafuta. Katikati ya vurugu hizo kifungua mimba wetu, ambaye ni muuguzi, alikuwa na zamu ya usiku hospitalini na Toyota ya nyumbani ilikuwa kavu. Akachukua Moris. Kibandiko alikiona, tena alikiona vizuri, ila kituo alichokipata pampu ya supa ilikuwa imevishwa mfuko wa plastiki, na nyuma yake foleni ilifika hadi kwenye mzunguko wa barabara. Akajaza alichopewa, pomoni. Tangi lile huchukua karibu lita 30.

"Baba, nimejaza!" alisema asubuhi, na mtoto wa watu alitarajia shukrani.

Mume wangu alikwenda bandani, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa. Sijui alitaka kunusa nini. Akarudi akasema ataimaliza kwa kuiendesha, na laiti angefanya hivyo nisingekuwa na kisa cha kuandika, kwa sababu tangi moja la E10 likitumiwa upesi haliui gari. Lakini Novemba ilibisha hodi, Waingereza wakaanza kumwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, na chumvi ni adui wa bodi ya chuma. Mke mwenza akafunikwa blanketi lake na lita zake zote tumboni. Akalala hivyo hadi masika.

Petroli na maji haviingiliani. Maji yakiingia kwenye tangi la petroli isiyo na ethanoli hukaa chini peke yake, kidogo, yakingoja kutu. Ethanoli yenyewe huelewana na pande zote mbili, kwa hiyo huyabeba maji ndani ya petroli, na hilo ni jambo jema, mradi maji yasizidi. Kikomo chenyewe ni kama nusu ya asilimia moja. Kwa tangi la lita 30 hiyo ni vikombe viwili vya kahawa, vile vidogo vya barazani Mombasa, na baridi ikizidi kikomo hushuka. Maji yakikivuka, ethanoli huiacha petroli, hujiunga na maji, na wote wawili huteremka chini ya tangi. Na mdomo wa bomba linalonyonya mafuta uko wapi? Uko hukohuko chini. Juu inabaki petroli iliyopungukiwa nguvu ya kustahimili mgandamizo, na chini limekaa tabaka kali linalokula chuma, ndilo litakaloitwa kwanza siku gari litakapowashwa. Katika tangi la 1965 maji hayakosekani.

Pia ethanoli huosha. Miaka zaidi ya hamsini ya gundi na utando uliogandia ukutani mwa tangi, ambao petroli ya zamani iliuzoea ikaupita, ethanoli huubandua ikaupeleka safari.

Ramadhani ya 2022 ilipita, ikaja Idi mwanzoni mwa Mei, na Mfungo Mosi ni mwezi wa harusi. Mpwa wangu alikuwa anaolewa na kijana wa Birmingham. Nikaha ilishafungwa msikitini, na huko Birmingham ukumbi ulikuwa umekodiwa kwa usiku wa kupamba. Bibi harusi alitaka kufika kwa Moris. Alikuwa ameona picha ya bibi harusi mmoja wa Kizungu, utepe mweupe juu ya boneti, na baada ya hapo hakusikia la mtu.

Mume wangu aliwasha gari siku moja kabla. Pampu ya petroli ya Moris ni ya umeme, imefungwa juu ya ukuta wa chuma uliotenga injini na abiria, na ukifungua swichi huisikia ikigonga: tak, tak, tak, kwa haraka, kisha taratibu, kisha kimya, kuonyesha kabureta imeshiba. Siku ile iligonga kwa haraka muda mrefu mno. "Ina kiu," mume wangu akasema, na akaridhika na jibu lake mwenyewe. Gari likakohoa, likawaka.

Tulifukiza udi siku nzima, nguo zikafukizwa, nywele zikafukizwa, hata viti vya gari vilifukizwa, madirisha yamefungwa. Tukaondoka, mume wangu akiendesha kwa suti, mimi mbele, nyuma bibi harusi na Bi Mkubwa, ambaye kwa ajili ya harusi alikubali kusamehe pombe. Tukashika barabara ya zamani ya Hinckley na Nuneaton, kwa kuwa mume wangu hampeleki mke mwenza kwenye barabara kuu ya malori. Nyuma yetu lilifuata gari dogo la mizigo la shemeji, lenye masufuria ya pilau.

Kabla hata ya Hinckley udi ulikuwa umeshashindwa. Ilianza harufu nyembamba, nikadhani ni lori lililotupita. Kisha ikanenepa. Bibi harusi akafungua dirisha, shela ikataka kutoka, Bi Mkubwa akaishika. Gari likawa linakohoa kila penye mwinuko, linavuta, linaacha, linavuta tena, na kutoka mbele ya miguu yangu pampu ilikuwa inagonga mfululizo, bila kupumua.

"Simamisha," nikasema.

"Tumebakisha kidogo."

"Simamisha, Baba Watoto."

Akasimamisha penye nyasi. Nilimtoa bibi harusi kwanza, maua na yote. Mume wangu akafungua boneti, na mara moja akarudi nyuma. Mpira mfupi unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta ulikuwa unatoka jasho. Haukuwa umekatika wala kutoboka mahali pamoja. Ngozi yake nyeusi ilikuwa na nyufa nyembamba pande zote, na kila ufa ulikuwa na tone lake linalomeremeta, lililoiva tayari kuanguka. Katika injini hii kabureta imekaa juu kabisa ya bomba la kutolea moshi, upande mmoja. Matone yale yalikuwa yakianguka juu ya chuma cha moto.

Hapo hakuna mtu aliyetaja serikali.

Aliyekuja na gari la huduma za barabarani alikuwa Mwingereza mzima mzima, mwenye kaptula kwenye upepo ule. Alimwangalia bibi harusi, akaangalia gari, akavua kofia, sijui kwa nani. Gari lilikuwa limepoa. Akaukunja ule mpira kwa vidole viwili, nyufa zikafumbuka, na alipouachia vidole vyake vilikuwa vyeusi. Mpira wa namna hii, alieleza, ulitengenezewa petroli ya zamani. Ethanoli huupenya, huuvimbisha, huufyonza ulaini wake, na ukikauka hupasuka. Kisha akaenda nyuma, akalala chini ya buti, akapapasa mpira wa upande wa tangi. Na huo ulikuwa umepasuka, ila kwa kuwa huku pampu yanyonya, hautoi petroli, wavuta hewa. Ndiyo sababu ya tak-tak-tak isiyokoma. Akazifungua waya za betri, akasema gari hili leo halitaguswa swichi na mtu.

Bibi harusi aliingia Birmingham mbele kwenye gari la pilau, mapajani ameshikilia sufuria la kachumbari ambalo halikupata pengine pa kukaa. Waliompokea wanasema alinukia udi, petroli na bizari kwa pamoja, na dada wa bwana harusi aliuliza kwa adabu ni manukato ya wapi.

Wiki iliyofuata ukaanza uchunguzi, uani, mbali na jiko. Mume wangu alilifungua tangi kwa chini, akajaza chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya achari ya ndimu, yangu, bila ruhusa. Tukaikusanyikia. Juu kulikuwa na petroli ya manjano hafifu. Chini, vidole viwili hivi, kulikuwa na kitu cheupe cheupe chenye vumbi la kutu likizunguka ndani yake.

"Hayo ni maji tu," mume wangu akasema.

Kitinda mimba aliingia jikoni akatoka na rangi ya biriani. Akadondosha tone moja. Tone lilizama kwenye petroli likiwa duara, zima, halikuchafua hata kidogo, likafika kwenye ule mpaka wa chini, likasimama kidogo, likapasuka. Tabaka la chini lote likawa rangi ya machungwa. "Rangi hii huyeyuka kwenye maji na kwenye pombe, kwenye petroli haiyeyuki," akasema. "Na maji yaliyoingia kwenye tangi hayawezi kuwa mengi hivi, Baba. Hapo ethanoli yako imeshuka." Bi Mkubwa aliyetazama kutoka mlangoni alitaka kujua kama chupa ile itarudi kwenye achari. Haikurudi.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa wala ya gharama. Mipira yote ilikatwa, ikatiwa mipya yenye alama ya R9, ambayo ndani ina utando unaovumilia ethanoli. Ukinunua usikubali maneno ya muuzaji, soma maandishi kwenye ubavu wa mpira. Tangi likasuuzwa. Likawekwa chujio. Bakuli la kabureta, lile lenye floti, lilikutwa na unga mweupe kwenye aloi ya ndani, likasuguliwa.

Kisha kabureta yenyewe. Petroli tupu hutaka kama kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ili iungue sawasawa. E10 hutaka kama 14.1. Gari la kisasa hupima moshi wake likajirekebisha lenyewe. Kabureta ya Moris, ya aina ya SU, haina wa kuiambia kitu. Hutoa kipimo ilichowekewa, kwa hiyo ukiipa E10 injini hupata mafuta haba na huchemka zaidi. Dawa iko chini ya kabureta, ni nati moja ya pembe sita. Unaizungusha upande mmoja wa nati, au pande mbili, jeti inashuka, mafuta yanaongezeka. Mume wangu anajua kuzungusha nati. Alikuwa mpole siku ile, akiimba kwa pua.

Ugomvi wa nani mwenye kosa haujaisha, ingawa kwangu ulishaisha. Brazil walianza kuuza Fiat 147 ya ethanoli tupu mwaka 1979, na ilikuwa ya kabureta. Ilifanya kazi kwa sababu iliundiwa mafuta hayo. Kwa hiyo mimi niko na mjomba wa Kisumu: tuanze na mipira, pombe baadaye. Mume wangu husema kwamba mipira ile ingeishi miaka mingine kumi lau si E10, na huenda kweli ingeishi, ikipasuka pole pole juu ya bomba la moto, bila ukaguzi, na mtoto wa mtu nyuma.

Ikabaki ile petroli iliyotolewa. Bi Mkubwa hakubali kitu kimwagwe, na kituo cha taka hakipokei petroli bila maelezo, basi ikatiwa kwenye madumu mawili: la juu na la chini, kila moja na karatasi yake. Mvua ikanyesha. Karatasi zikaenda zake.

Jumamosi kifungua mimba, aliyekuwa na siku ya kupumzika na hamu ya kujirudisha kwa babake, aliamua kukata majani ya uani. Mashine yenyewe tuliiazima kwa jirani, mzee mmoja wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja, mtu wa nidhamu ambaye hupanga hata majani yake makavu. Ni mashine ya petroli, nayo ina kabureta. Kifungua mimba akaona dumu, akajaza. Mashine ilikata mstari mmoja mzuri kutoka mlangoni hadi kwenye ua, ikapiga chafya, ikanyamaza.

Mume wangu alikuwa amekaa sebuleni, amevaa kanzu safi, anangoja chakula. Kitinda mimba akapitisha chupa mbele yake, ndani yake kidogo cha kile kilichotoka kwenye mashine, rangi ya biriani imeenea yote mpaka juu. Hakukuwa na tabaka la pili. Lilikuwa lile dumu la chini.

"Jirani yuko mlangoni," nikamwambia. "Anauliza kama tumemaliza na mashine yake."

Mume wangu alifikiri, akaangalia chupa, akaangalia kanzu.

"Mwambie twaisafisha kabureta," akasema, "ndiyo desturi yetu tukiazima."